Barua ya Kwanza Ilikuwa ya Kodi

Barua ya kwanza kutoka jijini ilikuwa ya kodi ya majengo. Ilifika kabla ya bomba, kabla ya taa za barabarani, kabla ya gari la taka, na jina langu lilikuwa limeandikwa sawasawa, herufi kwa herufi. Niliikunja nikaiweka kwenye faili la kamati, ukurasa wa kwanza. Leo mafaili ni matano. Nimekuwa katibu wa kamati ya wakazi tangu mpaka wa jiji uliposogezwa ukatuingiza ndani, miaka 11 sasa, na naona nina deni kwa watu ambao jiji limeshaanza kuwanyemelea. Nawaandikia hao.

Niseme ukweli tangu mwanzo: hatukutekwa. Tulitaka. Visima vyetu vilikuwa vinakauka kila kiangazi, maji tulinunua kwa boza, na nyumba ikishika moto tulizima kwa ndoo. Jiji lilikuwa ng'ambo ya kilima tu, usiku tukiona mwanga wake. Kwa hiyo ofisi ya jiji ilipoitisha mkutano kueleza kwamba eneo letu litaingizwa ndani ya mipaka yake, wengi tulikwenda tukiwa tumeshakubali moyoni. Waliokuwa na shaka walikuwa wachache. Mmoja wao, mzee wa jirani mwenye kisima kirefu kuliko vyote, alisimama akasema, "Jiji likiingia halitoki. Ulizeni sasa." Tulimpigia makofi ya heshima, akaketi, tukaendelea.

Jibu tulilopewa kuhusu maji, majitaka, barabara na zimamoto lilikuwa maneno mawili. Mimi ndiye niliyeandika muhtasari, kwa hiyo ninayo kama yalivyotamkwa: "Huduma zitafuata." Hakuna aliyeuliza lini. Hakuna aliyeuliza ipi itatangulia, itatoka kwenye fungu gani la bajeti, na ikichelewa nani wa kuulizwa. Mimi nami sikuuliza, na kalamu nilikuwa nayo mkononi. Hilo ndilo kosa ninalolijutia kuliko yote, maana baadaye nilielewa kwamba siku ile ndiyo tuliyokuwa na nguvu. Jiji lilitaka ridhaa yetu. Tulipokwisha kuitoa, halikuwa na haraka nasi tena.

Miaka iliyofuata nilisoma sana jinsi miji mingine ilivyokua, si kwa ajili ya elimu bali kwa kutafuta tulipokosea. Los Angeles, kule Marekani, ilinifundisha jambo ambalo nililirudia kwenye kila mkutano. Mfereji wake mkubwa wa maji, wenye urefu wa kilomita 375 hivi, ulikamilika mwaka 1913, ukateremkia bonde la San Fernando, ambalo wakati huo lilikuwa nje ya jiji. Maji yalikuwa ya walio ndani ya mpaka. Mwaka 1915 watu wa bonde wakapiga kura ya kuingia. Unaweza kulaumu mengi katika habari ile, lakini mtu wa bonde alipotia kura yake alijua maji yako wapi. Bomba lilitangulia mpaka. Kwetu mpaka ulitangulia, na bomba likawa ahadi.

Brooklyn nayo, wakati huo ikiwa jiji la peke yake, ilipoulizwa mwaka 1894 kama iungane na New York, kura za ndiyo zilizidi za hapana kwa 277 tu, na muungano wenyewe ukaanza tarehe 1 Januari 1898. Namba hiyo 277 niliiandika kwa kalamu nyekundu juu ya faili la pili. Kwingine watu hawakupewa hata nafasi ya kusema: jiji la Houston, katika jimbo la Texas, lilipoichukua Kingwood, eneo la makazi la pembeni, mwaka 1996, wakazi wengi walipinga na haikusaidia kitu. Baadaye jimbo hilo lilibadili sheria zake, na tangu 2019 kwa sehemu kubwa mji hauruhusiwi kumeza eneo bila ridhaa ya wenyewe. Watu wa kule waliipigania ridhaa miaka na miaka. Sisi tulikuwa nayo mkononi tukaitoa bure kwa sababu tulikuwa na kiu.

Sasa nieleze huduma zilivyokuja, maana mpangilio wake si wa bahati. Zinazotembea kwa magurudumu hutangulia, zinazohitaji kuchimba huchelewa. Gari la taka lilianza mwezi wa tatu. Askari wa doria walionekana mwezi wa tano. Vibao vya barabarani viliwekwa kabla mwaka haujaisha, na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo sisi wa mtaa huu hatutalisahau.

Barabara yetu ilikuwa na jina lake tangu zamani, jina la mtu wa kwanza kujenga hapa. Jijini nako kulikuwa na barabara yenye jina hilohilo, upande wa pili kabisa, kilomita 9 kutoka kwetu. Hakuna aliyelilinganisha. Usiku mmoja, saa nane, nyumba ya mama mmoja jirani yangu ilishika moto kuanzia jikoni. Nilipiga simu mimi mwenyewe, nikataja jina la barabara. Walipokea haraka na walitoka haraka. Dakika kumi baadaye simu yangu ikaita, mwanaume anahema: "Mama, tumeshafika, moto hatuuoni." Nilikuwa nimesimama mita 20 kutoka kwenye moto. Nilimwambia anatazama wapi, nikamtajia shule iliyo karibu nasi, akanyamaza kidogo, kisha nikamsikia akimpigia dereva kelele ageuze.

Walipofika paa lilikuwa limeshaanguka. Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu. Yule mama alikuwa amekaa chini, amekumbatia mfuko wa vyeti vya watoto, kitu pekee alichowahi kuchukua. Sikuwalaumu wazimamoto hata siku ile; mikono yao ilikuwa inatetemeka kuliko yangu. Lakini nawasihi mnaosoma haya: kabla tarehe ya mpaka mpya haijafika, ombeni orodha ya majina ya barabara zote za jiji, mkae na kalamu, mtafute yanayofanana na yenu. Ni kazi ya jioni moja. Sisi tuliifanya wiki moja baada ya moto. Majina manne yalifanana.

Kubadili jina la barabara kuliwauma wazee, nami niliwaelewa. Tuliliacha jina la zamani likaongezwa neno moja la kulitofautisha, na kila nyumba ikaandikwa namba yake getini kwa rangi, tukishinda na brashi Jumamosi mbili mfululizo.

Maji yalikuja mwaka wa tatu. Siku walipofungua, koki yangu ilikohoa hewa, ikatoa maji ya rangi ya kutu kwa muda wa kama robo saa, kisha yakawa meupe, na nilikaa kwenye ngazi nikiyatazama yakijaza ndoo bila mimi kumlipa mtu wa boza. Nililia. Sioni haya kusema. Lakini mimi naishi chini. Wiki ya pili akina mama wa nyumba za juu walikuja kwangu na ndoo tupu kuuliza kama mimi napata, maana wao walipata usiku wa manane tu.

Jiji lilimtuma mhandisi kijana, na huyo namkumbuka kwa wema. Hakuanza na maneno. Alifunga kipimo cha msukumo kwenye koki ya nyumba ya juu kabisa, akaniita nisogee. "Dada katibu, angalia mshale." Saa kumi alfajiri, watu wamelala, mshale ulisimama kwenye bari 1.6, bari ikiwa kizio cha msukumo. Saa moja asubuhi, kila nyumba inaoga, ulikuwa 0.2. Akanieleza kwa hesabu ambayo mtoto wa shule anaielewa: kila mita 10 za kimo cha maji ni kama bari moja ya msukumo. Tangi la jiji lililotulisha liko mita 18 tu juu ya nyumba zile. Hata bomba zima likitulia, msukumo hauwezi kuzidi 1.8. Watu wakianza kutumia, msukumo unaliwa na msuguano njiani, hasa kwa kuwa bomba lililoletwa kwetu lilikuwa jembamba, limepachikwa mwisho wa mtandao wa zamani ambao haukupigiwa hesabu ya kutulisha sisi.

Nilimuuliza kama hilo lingeweza kujulikana kabla ya kutuingiza jijini. Alinitazama kwa huruma, akasema, "Lingejulikana kwenye ramani, dada. Mita 18 haziongezeki wala hazipungui." Pampu ya nyongeza ilifungwa mwaka wa tano. Miaka miwili wanawake wa juu waliamka usiku wa manane kukinga maji, wakiwa tayari wanalipa kodi ileile niliyolipa mimi.

Ya majitaka ndiyo iliyotuumiza zaidi, na ndiyo ambayo watu huisahau, kwa sababu kila mtu hupenda kuzungumzia maji yanayoingia ndani kuliko yanayotoka. Maji safi unaweza kuyasukuma kokote. Majitaka husafiri kwa mteremko. Bomba la milimita 150 linataka lishuke kama mita moja kila mita 100 hadi 150, lisipopata huo mteremko uchafu unakaa, unaganda, na chemba zinafurika. Sasa sisi tuko upande wa pili wa kilima. Mvua ikinyesha jijini maji yanakwenda mashariki. Ikinyesha kwetu yanakwenda magharibi. Mpaka mpya ulivuka kilima kwa kalamu, lakini majitaka hayavuki kilima kwa kalamu. Ili yafike kwenye mabwawa ya jiji ya kusafishia majitaka ilibidi yakusanywe kwanza chini kabisa, kwenye bonde letu, halafu yasukumwe juu kwa pampu. Kituo cha pampu ni gharama kubwa, kinataka ardhi, umeme, na mtu wa kukilinda. Kwa hiyo kila bajeti ya mwaka ilipopita, kituo chetu kiliahirishwa.

Lingeishia kwenye kuchelewa tu, tungevumilia, tulikuwa na mashimo yetu. Kilichotuangamiza ni kwamba jiji lilipotuingiza lilibadilisha na matumizi ya ardhi yetu. Viwanja vilivyokuwa na nyumba moja viliruhusiwa kugawanywa mara nne, na kando ya barabara kuu vibali vya ghorofa vikaanza kutolewa. Ardhi ilipanda bei, wengi wakauza, nami siwalaumu. Wajenzi wakaja mbio kuliko mabomba. Ndani ya miaka minne, mahali palipokuwa na shimo moja pakawa na mashimo matano, na moja kati ya hayo likihudumia familia nane. Udongo una kiasi chake cha kuchuja. Ukipitisha hapo, kinachoingia kwenye shimo lako kinatokea kwenye kisima cha mwenzako.

Kikatokea kwenye kisima cha yule mzee. Wajukuu zake waliharisha mwezi mzima. Tuliyapeleka maji maabara, na majibu yakaonyesha vimelea vya kinyesi. Kisima kile kilikuwa hakijawahi kukauka, na kila kiangazi alikuwa akituruhusu tuchote kwa foleni bila kudai kitu. Nilimpelekea karatasi ya majibu mimi mwenyewe. Aliisoma pole pole, akaikunja, akasema, "Binti yangu, kifunike." Siku hiyohiyo tulikifunika kwa zege. Hakunikumbusha maneno yake ya mkutanoni, wala mimi sikuweza kuyataja.

Tangu siku hiyo nimekuwa na msimamo mmoja na sitauacha: eneo lisiongezewe watu mpaka bomba la majitaka liwe ardhini. Vibali vya ghorofa na bomba la majitaka vifungwe pamoja kwenye waraka mmoja, kimoja kisitembee bila kingine. Mtu wa mipango miji atakwambia kwamba bila watu wengi bomba halirudishi gharama yake, na hesabu yake si ya uongo. Lakini gharama ya kusubiri haipotei. Huhamia kwenye matumbo ya watoto, na huko hakuna anayeiandika kwenye vitabu.

Nafasi yetu ya pili ilikuja bila sisi kuitafuta. Mwaka wa saba jiji lilipata fedha za kituo cha pampu, na michoro ilipotolewa tuliona kwamba bomba kuu lazima lipite kwenye viwanja 23 vya wakazi, na kituo chenyewe kikae kwenye kiwanja cha bondeni cha ukoo mmoja wa hapa. Walihitaji saini zetu tena. Safari hii tulikaa chini usiku tatu mfululizo kabla ya kujibu.

Tulikubaliana mtu asisaini peke yake. Hilo ni rahisi kulisema. Kijana mmoja alikuwa na ada za chuo za kulipa na fidia ilikuwa mezani. Alikuja kwangu amevunjika moyo, akisema hawezi kusubiri. Kamati ilichanga ikamkopesha. Naamini kama tusingefanya vile tungekatika mmoja mmoja, na sidhani tungekuwa na haki ya kumlaumu.

Tulichodai kilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Ratiba yenye tarehe kwa kila kipande cha bomba, si mwaka tu. Fungu la bajeti kwa namba yake. Cheo cha ofisa atakayesimama mbele yetu kila miezi mitatu kueleza kilichofanyika na kisichofanyika. Jenereta ya akiba kituoni, na tangi la kuhifadhi majitaka kwa saa kadhaa umeme ukikatika, kwa sababu kituo kisicho na umeme hakina pa kupeleka uchafu isipokuwa mtoni. Na sehemu ya mwisho: vibali vipya vya ghorofa visimame hadi kituo kifanye kazi. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyobishaniwa kuliko zote. Kulikuwa na mkutano ambao mwenyekiti wetu alifunga daftari akataka tuondoke, na mama yule aliyeunguliwa na nyumba ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini kabisa, "Mwenyekiti, kaa. Mara ya kwanza tuliondoka mapema." Akakaa.

Ilichukua miezi 14. Tulipata yote isipokuwa moja: vibali havikusimama kabisa, vilipunguzwa hadi ghorofa mbili. Nilisaini nikiwa na uchungu, na mpaka leo sijui kama tungeng'ang'ania mwezi mmoja zaidi tungelipata na hilo. Ratiba yenyewe ilichelewa mara mbili, lakini kila ilipochelewa kulikuwa na mtu wa kusimama mbele yetu kueleza, na tarehe mpya iliandikwa. Ofisi ilikuwa ileile, na watu walewale. Kilichobadilika ni kwamba sasa walikuwa wameandikiana nasi.

Mwezi uliopita walikuja kujaribu bomba. Fundi mmoja alipanda hadi nyumba ya juu kabisa, ile ya kipimo cha msukumo, akamimina chooni unga uliokorogwa na maji, rangi ya kijani inayong'aa, kisha akavuta maji. Sisi wengine tulikuwa bondeni, tumezunguka chemba ya mwisho kabla ya kituo, kifuniko kimewekwa kando. Chini kulikuwa na mfereji mdogo wa zege, laini, na maji machache yanapita bila sauti. Mzee alikuwa ameletewa kiti. Fundi wa chini alikuwa amepiga magoti na tochi, ameshika saa mkononi.

Dakika kumi na moja. Kumi na tano. Mtu mmoja akaanza kusema labda limeziba njiani, tukamnyamazisha. Dakika ya kumi na tisa ukatokea kwanza mstari mwembamba, nikadhani ni tochi. Kisha mfereji wote ukawa kijani, kijani cha jani changa, unapita chini yetu kuelekea kwenye pampu, na kutoka hapo kupanda kilima.

"Ni ya kwetu hiyo?" mzee akauliza.

"Ya kwetu, baba."

Akainama mbele kadiri kiti kilivyomruhusu, akaendelea kuitazama mpaka maji yakarudi rangi yake.